Mafunzo Niliyopata Nikihesabu Mayai ya Minyoo

Mambo makubwa kuhusu kichocho yalishajulikana kabla sijazaliwa. Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi Cairo, alimwona mnyoo anayekisababisha mwaka 1851 alipokuwa akichunguza maiti. Mwaka 1915, hukohuko Misri, Robert Leiper alionyesha kuwa mnyoo huyo hupitia kwa konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia mtu kwenye ngozi. Miaka ya 1970 kampuni mbili za Ujerumani, Bayer na Merck, zikatoa prazikwanteli, dawa inayomezwa mara moja na kuua sehemu kubwa ya minyoo iliyokomaa. Mnyoo tunamjua, konokono tunamjua, dawa tunayo. Watu bado wanakojoa damu.

Nimefanya utafiti wa minyoo sehemu kubwa ya maisha yangu, kwanza Tanga, kisha Ziwa Viktoria, na kwa muda mrefu zaidi Pemba. Watu hudhani mtafiti hushinda akigundua mambo. Mimi nimeshinda nikihesabu: mayai kwenye slaidi, konokono kwenye chekeche, watoto kwenye foleni ya dawa. Nikiulizwa kwa nini kichocho hakiondoki, huwa nasema tumekuwa tukikihesabu pale ambapo kuhesabu ni rahisi. Haya nimeyaandika kwa ajili ya vijana wanaotaka kuingia kazi hii. Sikuyapanga kwa umuhimu.

1. Saa ya kupima ni sehemu ya kipimo

Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi zaidi mchana. Kwa hiyo mkojo huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, si mara tu mtoto anapofika shuleni. Unavuta mililita 10 kwa bomba la sindano, unazisukuma kupitia kichujio, unakilaza kichujio kwenye slaidi, halafu unahesabu mayai yenye mwiba nchani. Yakifika 50, mtoto ana maambukizi mazito. Yakiwa 49, mepesi. Mwalimu mkuu akikuomba umalize saa moja na nusu asubuhi kwa sababu darasa la saba wana mtihani wa majaribio, mtoto yuleyule anaweza kuhama kundi, na shule nzima ikahama naye.

Minyoo ya safura ina masharti mengine. Choo kikubwa tunakipima kwa njia ya Kato-Katz, iliyoanzia Japani na kuboreshwa Brazili mwaka 1972. Kinyesi hujazwa kwenye tundu la kibao kidogo linalobeba miligramu 41.7, hufunikwa kwa selofeni iliyolowekwa kwenye gliserini, na mayai yanayoonekana huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu moja. Gliserini hung'arisha kinyesi ili mayai yaonekane. Ukiiacha, hung'arisha na mayai ya safura yenyewe. Baada ya saa moja hivi yameshaanza kupotea machoni. Mayai ya kichocho utayakuta hata kesho, ya safura hutayakuta. Ndiyo maana tunabeba hadubini hadi shuleni na kuziweka kwenye meza ya walimu barazani. Kila ninapoona ripoti ya wilaya isiyo na safura hata kidogo, jambo la kwanza ninalouliza ni slaidi zilisomwa saa ngapi. Mara nyingi naambiwa jioni, gari lilipokwisha kurudi mjini.

Lakini matende ndiyo yaliyonifundisha zaidi. Vimelea vichanga vya Wuchereria bancrofti, huku kwetu pwani, hujificha kwenye mishipa ya mapafu mchana kutwa na kutoka kwenye damu ya ngozi usiku, wakati wa mbu. Ukimtoboa mtu kidole saa tano asubuhi hupati kitu. Nilipoanza kazi vijijini Muheza tulikuwa tukiingia saa nne usiku, tukiwa na gari la serikali, taa, glovu na vichupa. Wageni, usiku, wanataka damu! Pwani nzima inajua hao ni nani. Milango ilikuwa ikifungwa hatujashuka, na watoto wakisikika wakinong'onezana: mumiani, mumiani. Bibi mmoja alinijibu akiwa nyuma ya dirisha, kwa sauti ya upole kabisa, "Mwanangu, mngekuwa wema mngekuja na jua."

Niliona hoja yake ina nguvu kuliko yetu. Kumweleza ratiba ya vimelea mtu aliyefunga mlango hakusaidii. Tulianza kuja mchana bila vifaa, tukakaa na mwenyekiti wa kijiji, tukamwomba achague pahali. Akachagua kibaraza cha duka, mbele ya watu wote. Usiku ule alitobolewa yeye kwanza, kisha dereva wetu, kisha mimi. Tone la damu tuliliweka chini ya hadubini hapohapo, na aliyetaka kuangalia aliangalia. Vimelea vilivyo hai huchezacheza sana na kuzisukumasukuma chembe za damu. Huhitaji shahada kuviona. Foleni ya kutazama ikawa ndefu kuliko foleni ya kutoa damu, na waliotazama wakahamia ya pili.

Siku hizi kuna kipimo cha kipande kidogo kinachogundua matende katika damu saa yoyote, na vijana wanalala usiku wao wote. Sioni wivu. Ila gizani wanaume waliniuliza kuhusu mabusha maswali ambayo sijawahi kuulizwa mchana.

2. Konokono wawili wanaofanana wanaweza kuwa na kazi tofauti

Unguja kuna konokono wawili wa jamii ya Bulinus ambao hata mzoefu huwachanganya kwa kutazama gamba. Bulinus globosus yuko zaidi kaskazini na katikati. Bulinus nasutus yuko kusini. Kichocho cha Unguja kiko kaskazini na katikati, kusini hakipo. Tofauti hii ilikuja kueleweka vizuri baada ya uchunguzi wa vinasaba, uliofanywa na kundi la David Rollinson wa jumba la makumbusho ya viumbe la London pamoja na wenzetu wa Zanzibar. Huyo wa kusini, kwa mnyoo wa Unguja, hafai kitu.

Sasa vuka bahari. Tanga na Kwale, Bulinus nasutus hubeba kichocho. Jina moja, tabia mbili, na kati yao ni maji ya mkondo tu.

Hili lina gharama yake. Dawa ya kuua konokono, niklosamidi, huua na samaki. Ukiinyunyizia kwenye dimbwi la konokono asiye na hatia, umewakosesha watu kitoweo na mnyoo hujamgusa. Kipimo cha zamani bado kinafaa: mweke kila konokono peke yake kwenye kichupa cha maji, kaa naye kwenye mwanga saa kadhaa, tazama kama anatoa sekaria, vile viluwiluwi vyenye mkia uliogawanyika ncha mbili. Usikate tamaa haraka, maana hata kwenye kijito kibaya konokono wanaotoa ni wachache sana. Sekaria hutoka jua likiwa kali, kuelekea adhuhuri na baada yake kidogo. Huo ndio wakati watoto wanapotoka shule na kukimbilia kuogelea.

3. Fimbo ya dozi huanzia sentimita 94

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio: nchi zenye kichocho na minyoo ya tumbo zifikishe dawa kwa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule ifikapo 2010. Kulikuwa na sababu nzuri ya kuwachagua hao. Watoto wa shule ndio wenye minyoo mingi zaidi, na shule ina kila kitu anachokitaka mtu wa mpango wa afya: rejista, walimu, foleni, uwanja. Hata mizani haihitajiki. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, lakini tunatumia fimbo iliyogawanywa kwa urefu. Mtoto anasimama, mwalimu anasoma mstari, anatoa kidonge kimoja, kimoja na nusu, viwili. Kampuni ya Merck imekuwa ikitoa vidonge hivyo bure tangu 2007. Nimeona shule ikimaliza kumeza kabla ya saa sita. Inapendeza.

Fimbo hiyo huanzia sentimita 94. Aliye chini ya hapo hana mstari. Ziwani nimemwona mama akikaa ukingoni na beseni, akimwogesha mtoto wa miezi kadhaa kwa maji yaleyale ambamo mkubwa wake ameshapimwa na kukutwa na mayai. Yule mkubwa atapewa dawa, huyu wa mkononi atasubiri arefuke. Kwa miaka mingi tulimwacha asubiri, na tulipochora grafu hakuwemo, kwa hiyo grafu ilikuwa nzuri. Dawa ya watoto wadogo, miligramu 150 inayoyeyuka kwenye maji, ilipata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya Desemba 2023, baada ya majaribio ya Kenya na Kodivaa. Inalenga watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Tangu prazikwanteli iingie sokoni ilikuwa imepita miongo minne.

Na wakubwa je? Kwenye mialo ya Ukerewe, mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku na kulala mchana, na mchana ndio watafiti tunapita. Jina lake halimo kwenye rejista yoyote. Leo yuko kisiwa hiki, mwezi ukibadilika yuko kingine. Kichocho cha ziwani ni kile cha tumbo, Schistosoma mansoni, na mzigo wake haujionyeshi kwa damu kwenye mkojo. Hukaa kimya miaka mingi, kisha bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mtu mzima mwenye misuli ya kuvuta nyavu anatapika damu. Mmoja wa wavuvi hao alikuja kutazama tukigawa dawa shule ya jirani. Akaniambia, "Dada dokta, mnawatibu watoto wetu, sisi mnatuacha tuwatengenezee minyoo mingine." Sijawahi kusikia mgeni rasmi akilisema vizuri zaidi hivyo kwenye mkutano wowote.

Upande wa Kenya, wanaume wa ukingoni walikuja kutambuliwa kwa njia isiyotarajiwa. Waosha magari wa Kisumu, ambao huingia ziwani hadi magotini siku nzima, walifuatiliwa miaka kadhaa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pamoja na wenzao wa Marekani. Walitibiwa, wakaambukizwa, wakatibiwa tena. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, wakaanza kuchukua muda mrefu zaidi kabla ya kuambukizwa upya. Ushahidi kwamba mwili wa binadamu unaweza kujifunza kumkataa mnyoo huyu ulipatikana kwa watu wenye ndoo na vitambaa, wala hawakuwa wanafunzi wa shule.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo: pale ambapo maambukizi yamefika asilimia 10, dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka miwili. Kwenye karatasi mvuvi ameshahesabiwa. Kumpata akiwa macho bado ni kazi.

4. Mkojo safi haumwondoi mwanamke kwenye orodha

Minyoo ya kichocho huishi wawiliwawili kwenye mishipa ya damu. Dume ana mfereji mwilini anamomshika jike, kama mama na mtoto wa mbelekoni, na wanaweza kukaa hivyo miaka mitatu, mitano, hata zaidi. Jike hutaga kila siku. Karibu nusu ya mayai hayatoki nje. Hunasa kwenye nyama za mwili, na madhara ya kichocho kwa kweli ni madhara ya hayo yaliyonasa. Sisi tunahesabu yaliyotoka.

Pemba wanawake ndio wenye mabonde ya mpunga. Hupanda wakiwa wamesimama kwenye maji, hufua mtoni, huogesha watoto mtoni. Mayai ya Schistosoma haematobium kwa mwanamke hunasa kwenye kibofu na pia kwenye shingo ya kizazi, na huko hufanya mabaka ya rangi ya mchanga yanayotoka damu yakiguswa. Mwanamke huyo atakuja kliniki akilalamika damu baada ya tendo la ndoa, maumivu, uchafu, kutoshika mimba. Mkojo wake ukipimwa unaweza kuwa hauna yai hata moja. Basi anaandikiwa dawa za zinaa. Hapati nafuu, anaandikiwa tena, na sasa anaambiwa amlete mume. Mume anafikiri anachofikiri. Najua ndoa zilizovunjika hapo, na najua waganga wa kienyeji waliolipwa vizuri.

Makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba wanawake na wasichana wa Afrika wenye kichocho cha via vya uzazi wanaweza kufika milioni 56. Kitabu kidogo cha picha cha kuwasaidia wahudumu kuyatambua mabaka hayo kilitolewa na shirika hilo mwaka 2015. Soma tarehe hiyo tena, halafu ukumbuke 1851. Nchini Zimbabwe, utafiti wa Eyrun Kjetland na wenzake, uliochapishwa 2006, ulikuta uwezekano wa kuwa na VVU kwa wanawake wenye hali hii ukikaribia mara tatu ya ule wa wenzao. Na prazikwanteli, ambayo huua mnyoo, mara nyingi haifuti mabaka yaliyokwisha kujengeka. Msichana anatakiwa atibiwe akiwa mdogo, mara kwa mara, kabla hayajatokea.

Mkunga mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na utaratibu wake kabla mwongozo wowote haujatufikia. Mwanamke akija na dalili hizo, alimwuliza alikulia wapi, na kama alipokuwa mwari alikuwa akifua au kuvuka bondeni. Hakuwa na kifaa kipya wala fedha za mradi. Aliwapata wengi kuliko kliniki yetu yenye taa na kamera, na mimi nikaenda kukaa kwenye benchi lake kujifunza namna anavyouliza.

5. Uji kwanza

Prazikwanteli ni kidonge kikubwa na kichungu. Mtoto mwenye minyoo mingi akimeza huumwa tumbo, hutapika, huona kizunguzungu. Kwa sehemu ni minyoo inayokufa. Akimeza na njaa, zaidi. Hupita ndani ya saa chache, lakini mzazi anayemwona mwanawe amelala chini ya mwembe wa shule haangalii saa.

Mwaka 2008 mkoani Morogoro, umezeshaji wa dawa shuleni uliishia kwenye ghasia. Watoto walipata maudhi ya dawa, uvumi ukasambaa kwamba wanadhurika vibaya, wazazi wakavamia shule. Nilisikia wenzangu wengi wakilaumu ujinga. Mimi nilimfikiria mzazi: hakuulizwa, hakuelezwa, mtoto ameondoka nyumbani hajala, na amepewa dawa ya bure na mtu asiyemjua, kwa ugonjwa ambao mtoto mwenyewe hausikii. Na historia haiko upande wetu sikuzote. Misri ilipigana na kichocho kwa sindano za antimoni tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Sindano zilizorudiwa bila kuchemshwa sawasawa zikasambaza homa ya ini aina ya C kwa watu wengi mno. Wale wauguzi walikuwa na nia njema kama sisi.

Sasa hivi sianzi kumezesha shule ambayo sijaona sufuria ya uji. Pemba tunakwenda pia madrasa, kwa sababu mtoto ambaye hayuko skuli mara nyingi yuko chuoni, na sheha, kiongozi wa eneo dogo la utawala liitwalo shehia, akitangaza na imamu akiongezea neno baada ya sala ya Ijumaa, kazi yetu ni nusu. Ramadhani hatugusi kabisa. Kuna mtaalamu mgeni aliyewahi kupendekeza tumezeshe baada ya futari ili tusipoteze mwezi wa bajeti. Tulimwalika futari, akaona mwenyewe watu wanavyokuwa baada ya kufuturu.

6. Anayeingia majini ana sababu yake

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Alan Fenwick, kijana Mwingereza, alifanya kazi kwenye shamba la miwa la Arusha Chini, karibu na Moshi, akipambana na konokono kwenye mifereji ya umwagiliaji. Baadaye, mwaka 2002, alianzisha mpango wa kudhibiti kichocho katika Chuo cha Imperial, London, uliopeleka dawa kwa mamilioni ya Waafrika. Arusha Chini ilikuwa mahali pazuri pa kumdhibiti konokono: maji yana mwenyewe, mifereji ina ramani, kuna meneja wa kutoa amri. Makunduchi, Unguja, nako, mwishoni mwa miaka ya 1980, mbu wa matende walipunguzwa sana kwa vijipira vyepesi vya polistirini vilivyomwagwa kwenye mashimo ya vyoo. Vilielea juu ya maji na mbu akakosa pa kuzalia, huku wakazi wakipewa dawa. Shimo la choo lina mwenyewe pia.

Kijito cha Pemba hakina mwenyewe. Au kina wenyewe wengi mno. Tumeshiriki kujenga sakafu za kufulia zenye mfereji, mbali na konokono. Zingine zinatumika hadi leo. Nyingine zilikauka siku mfereji ulipokauka, na wanawake wakarudi mtoni siku hiyohiyo. Hata mfereji ukitoka, mtoni maji hayaishi, nguo husuuzika kwa urahisi, na habari zote za shehia hupatikana hapo. Vijana wetu wa elimu ya afya walikuwa wakiwaeleza kuhusu mnyoo. Walikuwa wanamjua. Watoto wamesoma kijitabu cha "Juma na Kichocho" shuleni na wanaweza kukusimulia mzunguko wote, kisha wanavua shati na kuruka majini.

7. Andika kwa penseli

Konokono huhifadhiwa kwenye spiriti. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti. Weka karatasi ndani ya kichupa, iliyoandikwa kwa penseli: mahali, tarehe, nani aliyeokota. Lebo ya nje hubanduka. Sina zaidi juu ya hili.

8. Kazi huwa ngumu zaidi mayai yakiadimika

Miaka ya 1980 zilikuwepo shule nyingi Pemba ambazo zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na kichocho. Maabara ya Ivo de Carneri ilipofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, hadubini hazikupumzika. Kisha kuanzia 2012 hadi 2017 ukaja mradi mkubwa wa kutaka kuukata uambukizo wenyewe Zanzibar. Shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: dawa mara mbili kwa mwaka peke yake, dawa pamoja na kuua konokono, dawa pamoja na elimu na mabadiliko ya tabia. Kichocho kilishuka kote, kikawa kidogo sana shehia nyingi. Lakini kwa hesabu ya jumla, kuua konokono wala elimu havikuongeza faida iliyo wazi juu ya dawa peke yake. Wengi wetu hatukupenda jibu hilo. Tulilichapisha.

Kinachofuata baada ya kushuka hakimo kwenye vitabu nilivyosomea. Mtaalamu wa maabara anayeona mayai kwenye kila slaidi ya pili huwa macho. Akisoma mamia ya slaidi tupu, jicho hulala huku limefumbuka. Slaidi moja kati ya kumi hurudiwa na mtu mwingine, huo ni utaratibu wa kawaida. Mimi huongeza slaidi zenye mayai ninayoyajua, kimyakimya, katikati ya rundo. Hawanipendi kwa hilo.

Wafadhili nao huchoka. Asilimia 60 ikishuka hadi 20, kuna picha ya kuonyesha. Ikishuka kutoka moja kwenda sifuri, gharama kwa kila mgonjwa anayepatikana hupanda vibaya, na mtu wa fedha ana haki ya kuuliza. Lengo la kimataifa, kwamba maambukizi mazito yasifike asilimia moja, shehia nyingi zimeshalitimiza. Mnyoo hajasoma lengo hilo. Dawa ikisimama kwa muda, shehia chache huinuka, na karibu kila mara ni zilezile.

Katika shehia hizo tumeacha kuanzia shuleni. Tunakwenda nyumba kwa nyumba, na wanaokutwa na mayai ni pamoja na watu wazima wengi ambao hawakuwahi kusimama kwenye fimbo yetu. Hapo tena ndipo hesabu ilipokwama, maana mtu mzima ana kichocho na kijito cha karibu naye hakina konokono hata mmoja anayetoa sekaria. Jibu alilitoa sheha, wala hakuona kama ni jibu. Msimu wa karafuu, alisema, hapa hubaki wazee tu. Familia nzima huenda kukaa karibu na mikarafuu, wengine mbali, hupika, hufua na kuoga kwenye maji ya huko, kisha hurudi nyumbani na sisi tunawapima huku.

Tumeongeza swali kwenye fomu: msimu uliopita wa karafuu ulilala wapi? Majibu yametupa majina ya vijito ambavyo havimo kwenye ramani yetu. Jumatatu tunakwenda na machekeche.